Chokaa Juu ya Alama ya Maji

5 Machi

Shemeji,

"Mkaguzi alifika eneo husika na kukuta mazingira safi na huduma zikiendelea kama kawaida. Hasara haionekani. Ombi la kujenga upya tuta la mto limekataliwa."

Hayo ndiyo maneno ya ofisi yenu ya Mfuko wa Maafa, yaliyoandikwa juzi tarehe tatu. Nimeyanakili neno kwa neno, maana kazi yangu ni kuchapa na mkono wangu umezoea kutobadilisha maneno ya mteja hata akiwa mjinga. Sasa nisikilize nikiyajibu, kisha umpelekee majibu aliyeyaandika.

Mazingira ni safi kwa sababu tuliyasafisha. Mto ulivunja tuta tarehe tisa Januari, saa nne asubuhi. Kufikia saa sita maji yalikuwa yamejaa ndani ya wodi ya wazazi ya zahanati yetu. Mkunga alimpandisha mama mmoja mwenye uchungu juu ya meza ya dawa na kumzalisha hapo hapo, yeye mwenyewe akiwa amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, na maji bado yanapanda. Yalikaa siku mbili. Yalipoondoka yalituachia tope la kufika magotini. Mlitaka tulikalie? Tulilitoa kwa majembe, kwa ndoo, kwa masufuria, wengine kwa vipande vya mabati ya mapaa yao wenyewe. Siku ya nne zahanati ilifunguliwa. Siku ya saba kila ukuta wa mtaa wetu wa chini ulikuwa umepakwa chokaa.

Huyo mkaguzi wenu alikuja siku ya arobaini na mbili. Hata harufu ilikuwa imeondoka. Alikuja na mwavuli siku ya jua kali, akakataa kushuka kutoka barabarani kwa sababu ya viatu vyake, akalitazama tuta kwa mbali, akaliona limesimama, akaondoka. Watu wamembatiza Bwana Mwavuli. Hakuuliza tuta limesimama kwa kitu gani. Limesimama kwa magunia mia tisa ya udongo tuliyoyashona na kuyajaza sisi, na juu yake tumepanda nyasi ili udongo usimomonyoke. Ukilitazama kutoka barabarani linapendeza. Fundi mwashi, mtu asiyekuwa na tabia ya kutia chumvi, anasema magunia yale yatahimili manyunyu, hayatahimili mvua kubwa. Mvua kubwa huanza katikati ya Aprili.

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, vya sheria, vya historia, na riwaya nyingine ambazo sitaki mtu ajue nimezisoma. Sijakuta popote bidii ya mtu ikitumika kama ushahidi dhidi yake. Mgonjwa akifika hospitali kidonda chake amekifunga kitambaa safi, daktari hasemi hakuna kidonda, rudi nyumbani.

Nyuma ya tuta lile kuna wodi ya wazazi na nyumba arobaini na tatu. Tunataka mawe na saruji kabla ya mvua, basi.

Wewe unafanya kazi ndani ya jengo hilo. Nitafutie jina la aliyeandika sentensi ile. Nitamwandikia mwenyewe, kwa adabu, kadiri nitakavyoweza.

Msalimie mdogo wangu. Mwambie mashine yangu ya chapa imekauka, ila bado inakohoa.

Shemeji yako,
Mpiga Chapa
(mwenyekiti wa kamati ya tuta)


11 Machi

Shemeji Mkali,

Barua yako imefika na bahasha ilikuwa bado ya moto. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa.

Kwanza poleni. Pili, unanipa ukubwa nisiokuwa nao. Mimi ni afisa wa majalada daraja la tatu. Kazi yangu ni kuhakikisha karatasi zimepangwa na namba zimefuatana. Jalada la maafa hupita meza sita: mapokezi, majalada, ukaguzi, mwanasheria, mhasibu, na mwisho mkurugenzi. Kila meza ina kikao chake cha wiki. Ukikosa kikao cha Jumanne unasubiri Jumanne nyingine. Hapa hakuna mtu mbaya, shemeji. Kuna meza tu.

Umeuliza jina. Sentensi za ofisi hazina mwenyewe. Zinatoka tu, kama vumbi kwenye feni.

Mnaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua, yaani hadi tarehe mbili Aprili. Lakini hasara ni lazima ionwe kwa macho ya mkaguzi. Picha hazikubaliwi, kwa sababu miaka ya nyuma mji mmoja ulituma picha za mafuriko ya mji mwingine, na waliogundua ni wenye picha. Wakaguzi ni wanne kwa nchi nzima. Foleni yao kwa sasa ni wiki tisa.

Najua unavyohesabu haraka, kwa hiyo sitakuhesabia.

Sasa niulize jambo moja, na usinirukie. Tope mngelitoa, sawa. Lakini alama ya maji ukutani ndiyo ilikuwa shahidi wenu, na mmeizika kwa mikono yenu. Nani aliwaambia mpake chokaa?

Mdogo wako anakusalimu. Anasema punguza chumvi kwenye chakula na kwenye barua.

Shemeji yako,
wa Meza ya Pili


16 Machi

Wa Meza ya Pili,

Chokaa ilipakwa na watu. Tuliamua. Tuendelee.

Unaniandikia kwamba hapo hapana mtu mbaya, kuna meza tu. Nimewahi kutengeneza meza, baba yetu alikuwa seremala na alitufundisha mimi na mke wako kabla ya kutufundisha kusoma. Meza haiandiki. Nyuma ya kila meza pana kiti, na juu ya kiti pana mtu mwenye jina alilopewa na mama yake.

Nakupa habari za huku. Jana fundi mwashi alishuka chini ya tuta upande wa zahanati akakuta magunia ya chini kabisa yamelowa, na mvua haijanyesha. Alichomeka fimbo. Iliingia yote kama kisu kwenye siagi. Alikuja hadi kiwandani kwangu na ile fimbo, akailaza juu ya karatasi zangu safi ili nione urefu wa sehemu iliyolowa. Mkunga ameangalia daftari lake la kliniki: wanawake kumi na mmoja wanatarajiwa kujifungua Aprili. Zahanati nyingine iko mwendo wa saa tatu, na njia ya kwenda huko inapita kwenye bonde lile lile.

Lakini nimepata kitu. Fundi mwashi alikwangua chokaa kidogo kwenye ukuta wa sebuleni kwake. Chini yake mstari upo. Maji yalikaa siku mbili, tope likaingia ndani ya plasta yenyewe, limekuwa sehemu ya ukuta. Halitoki hata kwa msasa. Unaona rangi ya kahawia inakwisha ghafla, imenyooka kama imepigwa rula.

Jumamosi tunaanza kukwangua mtaa mzima, nyumba arobaini na tatu pamoja na wodi, upana wa mkono mmoja kila ukuta. Yeyote atakayekuja ataona.

Nimeomba pia kitabu cha kanuni zenu kutoka ofisi ya wilaya. Karani alishangaa, akasema tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kukiomba. Alilazimika kupangusa vumbi. Nitakisoma chote.

Bado nataka jina.

Mpiga Chapa


20 Machi

Shemeji,

Naandika kwa haraka ili barua iwahi basi la mchana. Msikwangue chochote. Nakuomba. Mkikwangua wenyewe, ofisi itasema mstari mmeuchora wenyewe. Nimeshaona hilo likisemwa kwa watu wengine. Ukuta ni lazima ukwanguliwe mbele ya macho ya afisa, tena afisa mwenyewe achague mahali pa kukwangua.

Kuhusu jina, tafadhali liache. Halitaongeza jiwe hata moja kwenye tuta.

Shemeji yako

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, karatasi iliyochanwa kwenye daftari:)

Dada,

Amenipa barua hii niitie stempu. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kama tulivyokuwa tukifungua barua za wachumba wako. Anazunguka tu. Sentensi ile ameiandika yeye. Siku ile mwezi wa pili alirudi na kazi nyumbani, akawa anaisoma kwa sauti mezani, anatafuta neno. Alikuwa ameandika "hasara haikuthibitishwa." Mimi nikiwa naosha vyombo nikamwambia "haionekani" ni fupi zaidi. Akanishukuru.

Sikujua ni ya kwenu. Yeye alijua, jina la mji lilikuwa juu ya jalada. Tangu barua yako ifike anakula nusu sahani.

Usimmalize. Lakini usimwachie.

Mdogo wako


24 Machi

Shemeji,

Kwa hiyo ni wewe.

Nilianza barua hii mara nne. Tatu nimezichana, na moja nimeiweka kabatini, huenda ikanifaa siku nyingine kwa mtu mwingine. Ulijua ni sisi. Ulikula kwenye nyumba hizo siku ya harusi yako. Ulicheza ngoma kwenye uwanja ambao sasa una tope la sentimita kumi chini ya nyasi. Ukachukua taarifa ya Bwana Mwavuli, ukaipamba sentensi, ukaomba msaada wa neno kwa dada wa waliokumbwa na maji.

Nimejiuliza kwa nini, na nadhani najua, maana nakufahamu. Uliogopa kuambiwa unawapendelea wakwe. Kwa hiyo ukawabana wakwe kuliko ambavyo ungembana mgeni. Huo nao ni upendeleo, shemeji, ila umegeuzwa nje ndani. Ulijipendelea wewe.

Basi. Nimemaliza. Sasa zamu yangu, kwa sababu nami nilikuficha.

Uliniuliza nani aliwaambia watu wapake chokaa. Ni mimi. Mkunga alitaka ipakwe wodi tu. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti. Nilikuwa nimepata barua kwamba mkaguzi anakuja "hivi karibuni," na nikawaambia watu: mgeni wa serikali hatutamkaribisha kwenye uchafu. Nilitaka atukute watu wenye heshima, tusionekane ombaomba tuliokaa kwenye tope tukinyoosha mkono. Bibi mmoja mwenye nyumba ya kona alinikatalia. Alisema, "Mwache aone." Nikamwambia anatia aibu mtaa. Nikamshikia brashi mwenyewe, nikampakia ukuta wake huku yeye ananitazama. Niliandaa mtaa kama mtu anavyoandaa sebule, na mgeni akaniambia, kumbe hamna shida.

Nimebeba hilo tangu barua yenu ifike, na nilipiga kelele juu ya sentensi yako ili nisilisikie.

Sasa kazi. Kitabu chenu cha kanuni nimekisoma chote, kurasa mia moja na kumi na mbili, na nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kukifikisha mwisho, maana kurasa za nyuma zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka kiwandani. Fungua kifungu cha kumi na nne. "Ukaguzi utafanywa na mkaguzi, au na afisa mwingine yeyote wa Mfuko wa daraja la tatu au zaidi." Uliniandikia mwenyewe daraja lako. Kumbe foleni ya wiki tisa ni ya watu wanne tu, na jengo zima lingeweza kukagua. Hakuna aliyesoma.

Utasema una undugu nasi. Kifungu cha kumi na tano: afisa mwenye undugu na waombaji atautaja undugu huo mwanzoni mwa taarifa yake. Hakikatazi undugu. Kinataka usemwe.

Jumamosi iliyopita hatukukwangua. Tumekungoja.

Basi linaondoka kwenu saa kumi na mbili asubuhi. Panda.

Mpiga Chapa


2 Aprili

Shemeji,

Nimewasilisha rufaa leo saa tano asubuhi, siku ya mwisho. Karani wa mapokezi aliniuliza mbona mikono yangu ina chokaa kwenye kucha. Nimenawa tangu Jumapili, haitoki.

Nilipokuwa kwenu sikuweza kusema mengi, na wewe hukunisaidia, ulinitazama tu ukiwa na daftari la kamati mkononi. Kwa hiyo naandika.

Nilichagua mahali pa kukwangua kwa makusudi. Nilikwepa kuta mlizonionyesha. Nilikwenda nyuma ya milango, nyuma ya makabati, ndani ya stoo ya mwenye duka la misumari, mahali ambapo mtu hawezi kwenda kuchora mstari. Fundi mwashi alinibebea tupa ya kukwangulia na kunikejeli njia nzima, akiniuliza kama viatu vyangu vina ruhusa ya kushuka barabarani. Nyumba arobaini na tatu. Kila mahali kahawia ile, kila mahali imekwisha pale pale. Nilipima kwa kamba na pimamaji ya fundi, na tofauti kati ya nyumba ya kwanza na ya mwisho haikuzidi upana wa kidole.

Bibi wa nyumba ya kona alikataa nisikwangue. Akaichukua tupa mkononi mwangu akakwangua mwenyewe, polepole, ukuta mzima. Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilikuona ukitoka nje.

Kisha wodini mkunga alinishika bega akanisogeza kando ya meza ya dawa. "Simama hapa nilipokuwa nimesimama," akasema. Nikasimama. Akakwangua mbele yangu. Mstari ulikuwa usawa wa fundo la tai yangu. Akarudi kwa wagonjwa wake, na mimi nikabaki nimesimama hapo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Taarifa yangu inaanza hivi: "Waombaji ni ndugu wa mke wangu. Sentensi iliyokataa ombi lao niliiandika mimi, nikiwa mezani, bila kufika. Nimefika sasa, na hiki ndicho nilichokiona." Baada ya hapo ni vipimo tu, kurasa kumi na moja.

Mkurugenzi aliniita saa tisa. Hakupandisha sauti. Alitaka kujua kama naelewa kwamba kwa kukubali kosa langu nimefungua mlango kwa kila mji uliowahi kukataliwa. Nikamwambia naelewa. Akauliza sasa nataka nini. Nikasema nataka jalada lifike meza ya nne leo. Alicheka kidogo, akafikiri natania.

Kanuni zinasema jalada hupelekwa na tarishi. Nami nimezisoma sasa, kwa aibu uliyonitia. Hazisemi afisa haruhusiwi kuwa tarishi wa jalada moja. Kwa hiyo nimelibeba mwenyewe. Liko kwa mwanasheria. Nimekaa kwenye benchi mlangoni kwake, ndipo ninapokuandikia.

Uliyoyasema juu ya wakwe ni kweli.

Shemeji yako


8 Aprili

Shemeji,

Manyunyu yameanza tangu juzi. Si mvua kubwa bado, ila mto umebadilika rangi.

Hatukai kungoja. Tumechimba msingi wa ukuta wa mawe nyuma ya magunia, urefu wote wa zahanati na theluthi ya nyumba. Fundi mwashi anaongoza. Kinyozi amefunga kibanda chake, anachimba. Mwenye duka la misumari ametoa toroli zake zote, kisha amezifuata kuzilinda na akajikuta anachimba. Bibi wa kona anatupikia chai, na akinipa kikombe changu hanitazami, lakini ananipa.

Mwenye machimbo ya mawe ni mtu mgumu. Nilimfuata na kumsihi hadi sauti ikanikauka. Hataki pesa leo. Anataka kuona karatasi yenye muhuri wa Mfuko, akiiona malori yanaondoka saa hiyo hiyo. Bila muhuri hatoi hata kokoto.

Mkunga amehamisha vitanda vya wodi hadi darasa moja la shule. Wanawake wawili wameshajifungua huko, ubao bado una hesabu za darasa la nne.

Jalada liko meza ya ngapi? Nijibu kwa namba tu, sina muda wa kusoma.

Mpiga Chapa


11 Aprili

Sita.

Umesema namba tu, lakini basi haliondoki kabla ya saa saba, kwa hiyo soma ukipumzika.

Mwanasheria alisaini siku ya pili, nadhani ili niondoke kwenye benchi lake. Mhasibu alikuwa likizo hadi Mei, na hakuna aliyeachiwa meza yake. Mdogo wako aliuliza kwa wake wa maafisa hadi akajua anapoishi. Tulimkuta nyumbani anabandika vigae vya choo, na saruji mikononi. Alisema yuko likizo. Mdogo wako akamwambia yeye atamshikia kigae hadi amalize kusoma. Akasoma kurasa zote kumi na moja akiwa amesimama, akanawa, akatia saini juu ya sinki.

Mkurugenzi ametia saini leo asubuhi. Barua yenye muhuri imo ndani ya bahasha hii, halisi. Nakala nimeibakiza. Mpeni mwenye machimbo kabla hajabadili nia.

Nimehamishiwa stoo ya majalada ya zamani, ghorofa ya chini, kuanzia kesho. Barua ya uhamisho ilitiwa saini dakika ileile na ya kwenu, kwa kalamu ileile. Usiniandikie pole. Humo ndani kuna makabati matatu ya maombi yaliyokataliwa, na nimefungua droo moja tu. Maneno ni yale yale, shemeji. Miji mingine hata haikuandika rufaa. Inaonekana walisoma wakaamini.

Leteni mawe.

Shemeji yako, sasa wa Stoo


6 Mei

Kwa wajumbe saba wa Kamati ya Kanuni, Mfuko wa Maafa
Nakala: kwa shemeji yangu wa Stoo

Waheshimiwa,

Hamnijui. Mimi ni mpiga chapa katika mji ambao ofisi yenu iliukatalia, kisha ikaukubalia. Naandika kuwapa taarifa ambayo kanuni zenu hazidai.

Muhuri wenu ulitufikia tarehe kumi na mbili Aprili. Malori sita yalifika siku hiyo hiyo. Mvua kubwa ilianza tarehe kumi na saba. Tulikuwa na siku tano, na kwa siku tano tulijenga ukuta wa mawe mbele ya zahanati na mbele ya nyumba ishirini na tisa. Jumapili ya tarehe ishirini na moja, saa nane mchana, mto uliyachukua magunia yote mia tisa kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Ukuta ulibaki. Maji yalisimama upande wa pili wa mawe, na mkunga akaweka kiganja juu ya ukuta kwa ndani akauhisi unatetemeka. Vitanda tulikuwa tumevirudisha wodini, na siku hiyo mtoto alizaliwa humo, juu ya kitanda, kwenye sakafu kavu.

Nyumba kumi na nne za mwisho hatukuwa tumezifikia. Maji yaliingia. Wenyewe walikuwa wameshatoka, tulijua mapema kwamba hatutazifikia. Mmoja wao ni bibi mwenye umri wa miaka sabini na sita, yumo kwangu sasa, analala kando ya mashine ya chapa na ananikosoa ninavyopika. Nyumba yake haipo. Naomba mlifikirie hili kwa utulivu: mngetupa siku kumi zaidi, ingekuwepo. Siku hizo kumi hazikupotelea mtoni. Zilipotelea kati ya meza yenu ya pili na ya sita, baada ya nyingine arobaini na mbili kupotea zikimngoja mtu mwenye mwavuli.

Mtasema ukaguzi ni lazima, maana wezi wapo. Nakubali wapo. Wakagueni. Mkiukuta mji umedanganya, mwaka ujao ukateni fedha mara mbili, na majina ya wadanganyifu nitayachapa mimi bila malipo, kwa herufi kubwa. Lakini mwizi anaweza kukamatwa baadaye. Mto haukamatwi baadaye.

Sasa jambo lililonifanya niandike leo na si kesho. Mji ulio chini yetu kwenye mto huu huu ulizama siku ile ile. Mwenyekiti wao, mwalimu wa shule ya msingi, ameniletea barua kwa mkono wa dereva wa lori la mawe. Habari zetu zimemfikia. Anauliza hivi: "Je, tuliache tope ndani ya zahanati hadi mkaguzi aje, ili aone? Watoto wameanza kuharisha, lakini tunaogopa kukataliwa kama ninyi."

Soma tena, mjumbe uliye karibu na dirisha, na wewe unayeharakisha kikao ili uwahi chakula cha mchana. Mtu mwenye akili timamu, mwalimu, anamwuliza mpiga chapa kama awaache watoto kwenye tope ili ofisi yenu iridhike. Hiyo ndiyo kazi ambayo kanuni yenu inaifanya wakati ninyi mmelala.

Nimemjibu aanze kusafisha leo. Nimempa ahadi ambayo sina mamlaka ya kuitoa, kwamba hamtamkataa kwa kuwa amesafisha, na nimeitoa kwa niaba yenu.

Ombi la mji ule lilipokelewa mezani kwenu Jumatatu iliyopita, nina namba yake: mia nne na nane. Mnakutana Alhamisi. Nawataka mfanye mambo mawili, na mnaweza kuyamaliza kabla chai haijapoa. Andikeni katika kifungu cha kumi na nne kwamba nusu ya fedha hutoka ndani ya siku saba tangu ombi kupokelewa, na mkaguzi afuate. Kisha fungueni jalada la mia nne na nane, la kwanza chini ya kanuni mpya, ninyi saba, kila mtu kwa kalamu yake na kwa jina lake alilopewa na mama yake, na mtie saini Alhamisi hii.

Mpiga Chapa,
mwenyekiti wa kamati ya tuta